Kusimba Diski ya Kompyuta kwa Kifaa au kwa Programu: Maelezo kwa Watumishi na Wakazi

Watumishi wa Serikali na wakazi wote wanaotumia kompyuta wanaelezwa katika ukurasa huu juu ya jambo ambalo hutajwa mara kwa mara maofisini lakini halifahamiki barabara, nalo ni namna ya kuifunga diski ya kompyuta ili mashine ikipotea au ikiibwa, aliyeipata apate chuma na plastiki tu, asipate yaliyoandikwa ndani. Mifano iliyotumika ni ya Mbeya na Iringa, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kwa kuwa huko uzito wa jambo hili unaonekana wazi kuliko mahali pengi.

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2022 na 2023, kiwango cha maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea kilikuwa asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Mkoani Iringa kilikuwa asilimia 11.1 na Mbeya asilimia 9.6, ni Njombe pekee, mkoa ulio kati ya hiyo miwili, uliokuwa juu zaidi kwa asilimia 12.7. Ndiyo maana kliniki za tiba na matunzo, zijulikanazo kwa kifupi kama CTC, zimeenea huko kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya hadi vituo vya afya vya vijijini. Mgonjwa hukaa na kadi yake, CTC1, na fomu ya CTC2 hubaki kituoni. Katika vituo vingi yaliyomo katika fomu hiyo huingizwa kwenye kompyuta: jina, mahali anapoishi, tarehe za kuhudhuria, dawa anazotumia na majibu ya vipimo.

Katika jiji kubwa jina pekee halimtambulishi mtu. Tukuyu, Mafinga au Kilolo mambo ni tofauti, kwani jina la ukoo na la kitongoji yakiwekwa pamoja, jirani hana haja ya kuuliza. Ndoa zimevunjika na vibarua vimekatizwa kwa habari ndogo kuliko hizo. Kwa hiyo anayeiba kompyuta ya kliniki kwa nia ya kuiuza sokoni huondoka, pengine bila kujua, na siri za watu mamia ambao hawakumkosea lolote.

Wengi hudhani kwamba nywila inayoulizwa kompyuta inapowashwa inatosha. Haitoshi hata kidogo. Nywila hiyo ni mlinzi aliyesimama mlangoni pa mfumo endeshi. Haigusi maandishi yaliyomo kwenye diski. Fundi yeyote mwenye bisibisi huweza kuitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, na kila faili likasomeka kama gazeti. Kazi hiyo haizidi robo saa. Mafundi wa Mwanjelwa na wa Iringa mjini hufanya hivyo kila wiki kwa nia njema, wateja wao wanapotaka kuokoa picha na barua kutoka kompyuta iliyoungua.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka hali ya mtu kiafya itunzwe kwa siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti na kumtaka anayezitunza achukue hatua za kuzilinda. Sheria haikumwelekeza mganga mfawidhi wa kituo aina ya kufuli atakayonunua. Hapo ndipo maelezo haya yanapohitajika.

Kusimba diski maana yake ni kuyageuza maandishi yote yaliyomo kwa kutumia hesabu na ufunguo wa siri, hata yawe vurugu lisilosomeka kwa asiye na ufunguo huo. Hesabu inayotumika karibu kila mahali leo huitwa AES. Ilitungwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na Serikali ya Marekani iliitangaza kuwa kipimo rasmi mwezi Novemba 2001. Ufunguo wake mfupi kabisa una biti 128, yaani funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 39. Hakuna mwizi atakayezijaribu zote. Ni vyema ikafahamika mapema kwamba karibu mikasa yote iliyotokea katika fani hii haikutokana na udhaifu wa AES; ilitokana na mahali ufunguo ulipowekwa na namna ulivyowekwa.

Kuna njia mbili za kuifanya kazi hiyo. Ya kwanza ni ya programu: mfumo endeshi wenyewe husimba kila kinachoandikwa na kusimbua kila kinachosomwa, kwa kutumia prosesa ya kompyuta. Windows ina BitLocker, iliyokuja na Windows Vista mwaka 2007. Kompyuta za Apple zina FileVault. Linux ina LUKS. Na ipo VeraCrypt, inayotolewa bure, ambayo ilichukua nafasi ya TrueCrypt iliyoachwa na watungaji wake mwezi Mei 2014. Njia ya pili ni ya kifaa: diski yenyewe hutoka kiwandani ikiwa na chipu ya kusimba ndani yake, na ufunguo hautoki nje ya diski. Kompyuta hupeleka nywila tu, na diski ikiikubali hufunguka.

Kwa kusikiliza tu, njia ya pili inavutia. Haichoshi prosesa, haitegemei mfumo endeshi, na virusi vilivyoingia kwenye kompyuta haviwezi kuuona ufunguo. Siku diski inapotakiwa kutolewa katika orodha ya mali kwa ajili ya mnada, afisa huiamuru diski ibadilishe ufunguo wake wa ndani, na katika sekunde chache kila kilichokuwamo hakisomeki tena. Kwa Afisa Ugavi aliyewahi kukesha akifuta diski za kompyuta chakavu moja baada ya nyingine, faida hiyo si ndogo.

Lakini mnunuzi hawezi kuona kinachofanyika ndani ya chipu. Anaambiwa na kiwanda kuwa diski imefungwa, naye huamini. Mwezi Januari 2010 ilibainika kwamba flashi za kusimba za Kingston, SanDisk na Verbatim, ambazo zilikuwa na cheti cha usalama cha Serikali ya Marekani, zilifunguka zote kwa ishara moja ile ile. Programu iliyokuwa kwenye kompyuta ndiyo iliyoipima nywila, kisha ikaipelekea flashi neno la kufungua lisilobadilika kutoka flashi moja hadi nyingine. AES ilikuwamo ndani na ilifanya kazi yake sawasawa. Kosa lilikuwa mlangoni.

Mkasa mkubwa zaidi ulitangazwa mwezi Novemba 2018. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, Carlo Meijer na Bernard van Gastel, walizifungua diski za Crucial na Samsung zilizokuwa zikiuzwa duniani kote, wakaisoma programu iliyomo ndani ya chipu zake. Katika baadhi yake waligundua kuwa nywila ya mtumiaji haikuwa na uhusiano wowote na ufunguo wa kusimbia. Diski ililinganisha nywila na ile iliyohifadhiwa, ikasema ndiyo au hapana. Na aliyeweza kuibadilisha programu hiyo ya ndani aliifanya iseme ndiyo kwa neno lolote. Mfano wake ni sanduku la chuma lenye kufuli zito, na ufunguo umetundikwa msumarini nyuma yake.

Jambo lililowashitua wengi zaidi lilikuwa tabia ya BitLocker. Wakati huo, ilipoiona diski inayodai kujisimba yenyewe, iliiachia diski kazi yote na yenyewe haikusimba chochote. Afisa aliyewasha BitLocker kwa nia njema, akaona alama ya kufuli kwenye skrini, huenda alikuwa akilindwa na chipu yenye kasoro bila ya kuarifiwa. Mwezi Septemba 2019 Microsoft ilibadilisha mwenendo huo katika Windows 10, na tangu hapo BitLocker husimba kwa programu isipokuwa imeamriwa vingine. Diski zilizokwisha kusimbwa kabla ya hapo hazikubadilishwa.

Kwa sababu hiyo kila mwenye kompyuta ya miaka hiyo anashauriwa kuikagua. Fundi wa TEHAMA hufungua dirisha la amri kwa idhini ya msimamizi na kuandika manage-bde -status. Katika majibu upo mstari unaotaja njia ya kusimba. Ukisomeka XTS-AES 128 au 256, programu ndiyo inayofanya kazi. Ukisomeka Hardware Encryption, basi diski ndiyo inayojisimba, na usalama wote umo mikononi mwa kiwanda. Katika hali hiyo usimbaji huondolewa, BitLocker hupangwa itumie programu tu, kisha diski husimbwa upya.

Isidhaniwe kwamba upande wa programu hauna gharama. Prosesa za Intel zilianza kupewa maagizo maalum ya AES mwaka 2010, na zile za bei nafuu zilichelewa miaka kadhaa kuyapata. Katika halmashauri na shule bado zipo kompyuta zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika Ulaya au Dubai, na si zote zina prosesa za namna hiyo. Kompyuta isiyo nayo hufanya hesabu yote kwa jasho, na karani atalalamika kuwa mashine imekuwa nzito, naye atakuwa anasema kweli. Hata mashine mpya haziepuki kabisa: mwaka 2023 jarida la Tom's Hardware lilipima diski ya kasi ya Samsung kwenye Windows 11 na kukuta kuwa BitLocker ya programu iliipunguza kasi kwa hadi asilimia 45 katika baadhi ya majaribio. Kwa anayehariri filamu jambo hilo lina maana. Kwa kliniki inayoingiza fomu za CTC2, ambako mwandishi hutumia dakika kadhaa kwa kila mgonjwa, halina.

Zaidi ya hayo, programu ina fadhila moja kubwa: huweza kukaguliwa na kurekebishwa. LUKS na VeraCrypt zimeandikwa hadharani, na mtaalamu wa Mbeya anaweza kuzisoma sawa na mtaalamu wa Uholanzi. Kasoro ikipatikana, marekebisho hufika kwa njia ya mtandao. Programu ya ndani ya diski nayo hurekebishika, lakini ni maofisa wangapi waliowahi kuifanya kazi hiyo? Kwa kompyuta za ofisi na za nyumbani, basi, njia ya programu ndiyo inayostahili kutangulizwa. Diski inayojisimba haikatazwi. Isitegemewe peke yake.

Hapa pana mkanganyo mmoja unaohitaji kuondolewa. Kompyuta nyingi mpya zina chipu iitwayo TPM, na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali kuwekwa rasmi bila hiyo. TPM haisimbi diski. Kazi yake ni kuutunza ufunguo wa BitLocker na kuutoa pale tu inaporidhika kuwa kompyuta haijachezewa. Inafaa sana dhidi ya mwizi aliyechukua diski peke yake. Kwa mwizi aliyechukua kompyuta nzima hali ni nyingine, kwani akiiwasha tu, TPM hutoa ufunguo yenyewe na diski hufunguka hadi kwenye ukurasa wa nywila. Mwaka 2021 wataalamu wa Dolos Group walionyesha kuwa ufunguo huo unaweza kunaswa ukipita kwenye nyaya baina ya TPM na prosesa, na kazi hiyo iliwachukua chini ya nusu saa. Dawa yake ni namba ya siri inayoulizwa kabla ya Windows kuanza; bila namba hiyo TPM haitoi kitu. Namba hiyo isiwe 1234, wala mwaka wa kuzaliwa, wala isiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi, mahali ambapo kila mwizi mzoefu huanza kutazama.

Lipo pia suala la kompyuta iliyolazwa badala ya kuzimwa. Safari ya basi kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Igawa, Makambako na Mafinga, na watumishi wengi hufunga kifuniko cha kompyuta mpakato na kuitia begini ingali hai. Kompyuta iliyolala huwa imeushika ufunguo katika kumbukumbu yake ya muda. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kuwa chipu za kumbukumbu hiyo hazisahau mara moja umeme unapokatika. Zikipozwa hadi nyuzi 50 za Selsiasi chini ya sifuri kwa dawa ya kupuliza, hubaki na karibu yote yaliyokuwamo kwa dakika kumi, na ufunguo ukasomwa humo. Baridi ya Julai ya Mbeya, pamoja na makali yake, haifiki huko. Lakini kopo la kupozea hufika. Wanaopenda diski zinazojisimba wasidhani wamenusurika, kwa sababu mwaka 2012 watafiti wa Erlangen nchini Ujerumani walihamisha waya wa data wa diski ya namna hiyo kwenda kompyuta nyingine bila ya kukata umeme wake, na diski ikaendelea kuwa wazi. Kwa hiyo kompyuta inayosafiri izimwe kabisa, iwe inapanda Kitonga kwa basi au inavuka kwa boti kutoka Unguja kwenda Pemba.

Sasa yafuatayo yanahusu kuanza kazi yenyewe. Kabla ya kusimba, nakala rudufu ya data yote ichukuliwe, nayo isimbwe pia. Ofisi iliyosimba kompyuta ikaacha nakala wazi kwenye flashi ndani ya droo haijafanya kitu. BitLocker huendelea pale ilipoishia umeme ukikatika, lakini diski kuukuu haivumilii umeme wa kupanda na kushuka, na diski iliyosimbwa ikiharibika, kazi ya fundi wa kuokoa data huwa ngumu zaidi. Kazi hii ifanyike penye betri ya akiba. Programu itauliza kama isimbe sehemu iliyotumika tu au diski nzima. Kwa kompyuta ambayo imekwisha kutumika jibu ni diski nzima, kwani mafaili yaliyofutwa zamani bado yamo katika sehemu inayoonekana tupu, na yakiachwa yataendelea kusomeka.

Kisha kuna ufunguo wa dharura. BitLocker hutoa namba ya tarakimu 48, katika mafungu manane ya tarakimu sita, ambayo hutakiwa pale TPM inapokataa kutoa ufunguo: fundi amebadilisha ubao mkuu, mipangilio ya kuwashia imeguswa, au namba ya siri imesahauliwa. Bila tarakimu hizo, data imekwenda. Hakuna ofisi ya Microsoft ya kuomba huruma, wala fundi wa Kariakoo mwenye ujanja wa kuivunja. Watu waliopoteza data zao kwa kupoteza tarakimu hizo huenda wakawa wengi kuliko walioibiwa, na kituo cha afya kilichopoteza historia ya dawa za wagonjwa wake kimewaumiza wagonjwa hao hao kiliowakusudia kuwalinda.

Wakazi wenye kompyuta za nyumbani waangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu tangu toleo la Windows 11 la mwishoni mwa mwaka 2024, kompyuta nyingi mpya hujisimba zenyewe mara mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na tarakimu 48 huwekwa katika akaunti hiyo. Mwenye kompyuta huenda hajui kuwa amesimbiwa, na akaunti yenyewe huenda ilifunguliwa na muuzaji dukani kwa barua pepe ambayo hakuna anayeikumbuka. Kabla ya kuipeleka kompyuta kwa fundi, tarakimu hizo zitafutwe na zinakiliwe. Kwa kompyuta ya Serikali hatari ni ya namna nyingine: mtumishi akiingia kwa akaunti yake binafsi, ufunguo wa mali ya umma unakuwa umo katika barua pepe yake, naye akihamishwa au akistaafu huondoka nao.

Utaratibu unaofaa kwa kituo kidogo hauhitaji mtambo wowote. Tarakimu 48 zichapwe katika nakala mbili, pamoja na namba ya kompyuta kama ilivyo katika daftari la mali. Kila nakala itiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kusainiwa mgongoni; moja ikae katika sefu ya mganga mfawidhi, ya pili katika sefu ya Mkurugenzi wa Halmashauri, jengo jingine kabisa. Mtumishi anapohamishwa, tuseme kutoka Rungwe kwenda Mufindi, hati ya makabidhiano itaje bahasha hizo kama inavyotaja funguo za stoo, na anayepokea abadilishe namba ya siri siku hiyo hiyo mbele ya anayekabidhi. Bahasha ikifunguliwa kwa dharura, tarakimu zilizomo huhesabiwa kuwa zimeonekana. Fundi wa TEHAMA atoe tarakimu mpya, bahasha mpya zifungwe, na ya zamani ichomwe mbele ya mashahidi wawili, tarehe na majina yao yakiandikwa katika daftari la mali.